Nilidanganya nesi kuhusu uji, sukari ikaniumbua

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Hii siongezi chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni fundi wa nguo. Nikiwa na mimba ya miezi saba, kliniki waliniambia nije asubuhi bila kula, wanipime sukari.

Sasa mama mkwe alikuwa amefika jana yake kutoka Bungoma. Kwao chakula hakikataliwi, na mjamzito ndiye hana ruhusa kabisa ya kukataa. Alfajiri nikamkuta amesimama na kikombe cha uji wa wimbi, sukari ya kutosha chai ya harusi.

"Ati usikule? Si uko na mtoto, bana! Alale njaa juu ya daktari?"

Nikanywa. Vikombe viwili.

Nesi akauliza kama nimekula. Nikasema hapana, bila hata kupepesa jicho. Akapima, akaita daktari, wakaanza kuongea mambo ya kunilaza na kunidunga insulini.

Ujasiri ukaisha hapo hapo, nikatema ukweli. Nesi alinichemkia! Akasema nirudi kesho na tumbo tupu.

Kesho yake nilienda nikijua mkosaji ni uji.

Wapi. Sukari bado ilikuwa juu.

Nesi akanieleza kwamba mimba ikikua, kondo la nyuma linatoa homoni zinazozuia mwili wa mama kutumia sukari haraka, ili mtoto apate yake. Mama anachoma mafuta zaidi. Kongosho ikishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari inazidi na mtoto ananenepa kupita kiasi.

Yaani mtu hajazaliwa na tayari ameshika funguo za stoo! Nilicheka, halafu nikaogopa sana.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe nikingoja vita. Akaweka mwiko chini.

"Wangu wa kwanza alikuwa mkubwa hivyo. Kijiji yote ilinisifu ati nakula vizuri. Akakwama. Hakulia."

Bwana yangu hakuwahi kunitajia huyo mtoto. Sijui kama anajua.

Tangu hapo mama ndiye alinipimia ugali, akanijazia mboga na kunifukuza nje nitembee.

Binti alikuja na kilo tatu na kidogo, akapiga kelele wadi nzima. Nesi akataka kumtuliza.

"Mwache alie," mama mkwe akasema, machozi yakimtoka.

Kwa hivyo wakuu, nesi msimdanganye, na mama mkwe muulizeni kabla ya kumlaumu. Nyinyi mlipikiwa nini? Semeni hapa chini, matusi pia nayapokea.