Uzi wa Meja

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, si kweli. Ni tisini na saba, maana mvua ya El Nino ilikuwa imeanza, na fundi Wabwire alifika kazini kila asubuhi na viatu mkononi. Alikuwa akiishi Gatwekera, Kibera, na kibanda chake cha kushona kilikuwa Kawangware, karibu na soko. Njia yote hiyo ni kwa miguu, na hakunung'unika.

Wabwire hakuwa fundi wa futi. Alimpima mteja kwa uzi wa katani: fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kiuno. Kwenye ncha alifunga kipande cha kitambaa cha mteja mwenyewe, asije akamchanganya na mwingine. Uzi wa mtu hakuutupa kamwe. Alikuwa na nyuzi za watu waliokwisha kuzikwa.

"Mzee, si ununue futi bana!" walimcheka.

"Futi inajua namba tu," alijibu. "Uzi unamjua mwenyewe."

Ufundi huo aliufanyia kwanza kwao, ng'ambo ya mpaka, enzi za utawala wa jeshi, pamoja na mdogo wake Isaac. Mkuu wa wilaya huko alikuwa mwanajeshi, na watu walimwita Meja tu. Wabwire alimshonea suti ya mistari, Isaac akaipeleka ofisini. Wiki hiyo hiyo Meja alitoa amri, na wanaume kumi na tisa wa sokoni, Isaac akiwa mmoja wao, wakapandishwa lori mchana kweupe. Meja alisimama barazani akitazama, suti mpya mwilini. Lori lilirudi tupu. Wabwire akavuka mpaka na nguo alizovaa na mkebe wake wa nyuzi.

Miaka ishirini ikapita. Siku moja Kihara, mwenye ploti kule Riruta, akamletea mpangaji wake, mzee mnene, mpole, aitwaye Eugene. Alitaka suti ya kuvaa kwenye harusi ya Nyawira, binti ya Kihara. Mzee yule hakumtambua fundi. Wakubwa hawaangalii sana uso wa anayewapima. Wabwire akapitisha uzi. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili, na bega la kulia limelala. Vidole vya fundi vilimjua kabla ya macho. Akafunga mafundo, akasema, "Njoo Ijumaa."

Nyumbani aliumwaga mkebe kitandani. Mkewe, Nasike, akashika uzi wa zamani wa Meja, yeye akashika mpya. Mafundo yote yakakaa sawa, isipokuwa la kiuno.

"Huyu amekula," Nasike akasema. Kisha akakaa chini, akalia.

Serikali ya kwao ilikuwa ikimtafuta Meja miaka mingi ili ashtakiwe. Wabwire akaenda polisi kuandikisha ripoti, mzee yule akakamatwa. Akakana kabisa: yeye ni Eugene, hajawahi kulinda hata duka, sembuse kuwa mwanajeshi. Kihara akaja kibandani anafoka.

"Fundi, nakuletea customer, wewe unampeleka ndani? Na harusi ni Jumamosi!"

"Nyawira ataolewa tu, Mzee Kihara. Suti yako wewe iko tayari."

Mahakamani neno lilikuwa moja: huyu ni Meja, au siye? Akiwa siye, anaachiliwa siku hiyo, na wale kumi na tisa wanabaki bila wa kuwajibia.

Wakili wa mshtakiwa akasimama. "Fundi, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu na nusu."

"Hiyo nusu ni ya nini?"

"Nilikaa nje ya dirisha nikisikiliza."

Watu wakacheka, hata karani. Wakili hakucheka. Aliuinua uzi kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. "Huu ungeweza kuufunga juzi!"

"Angalia ncha, wakili."

Kwenye ncha kilikuwa kile kipande: mstari mmoja mpana, miwili myembamba. Hakimu akafungua faili iliyotumwa kutoka kwao, akatoa picha ya Meja barazani. Mstari mmoja mpana, miwili myembamba.

"Unaweza kumpima hapa?" hakimu akauliza.

"Ndiyo kazi yangu, Mheshimiwa."

Wabwire akafunga vifungo vya koti lake, akaenda kizimbani. Mshtakiwa alikuwa amekunja mikono. Fundi akamwambia maneno anayomwambia kila mteja: "Nyoosha mkono, mkubwa. Haiumi."

Akamwekea ule uzi wa zamani mwilini. Bega, fundo. Mkono wa kulia, fundo. Wa kushoto, vidole viwili pungufu, fundo. Hakimu alishuka kitini kuja kujionea mwenyewe.

Akaamua: arudishwe kwao akajibu mashtaka.

Siku hiyo Nasike na akina mama wa kanisa walimpokea Wabwire kwenye reli, wakamwimbia mpaka mlangoni. Vijana wakapiga kelele, "Niaje, Fundi Wakili!" na jina likamganda. Watu walitoka hata Soweto West, huko huko Kibera, kuja kuuona uzi, lakini uzi ulibaki mahakamani, ndani ya bahasha yenye namba. Wabwire alipenda kulisema hilo, kifua mbele: uzi wake una faili ya serikali. Na hakuna aliyemtajia futi tena.

Ila pale kwenye ngazi za mahakama, Meja alipokuwa akipelekwa kwenye gari, Wabwire alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Hakumtukana. Alimuuliza kwa upole, kama anayemuuliza mteja nguo anaitaka lini. Meja akaingia garini. Wabwire aliwauliza pia maafisa waliokuja kumchukua, na baadaye akawaandikia kwa mkono wake wa darasa la tatu na nusu, barua tatu, zote na mstari mmoja tu: Isaac mlimlaza wapi?