Kitambaa cha Kijani na Kikapu cha Katito

Kitambaa cha yadi nne kinatokaje katika duka lenye mlango mmoja, mchana kweupe, mwenye duka akiwa nyuma ya kaunta na fundi akiwa mbele yake, bila mtu hata mmoja kukiona kikitoka?

Nilijiuliza swali hilo siku mbili nzima na sikupata jibu. Lilinikera zaidi kwa sababu wakati ule nilijiona mtu wa majibu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu Nairobi. Nilikuwa nimejifunza huko kwamba jambo lisilo na ushahidi ni uvumi tu. Niliwauliza wazee kwa nini mila hii, nikamuuliza mchungaji kwa nini aya ile, na baba aliposhindwa kula kwa amani akanipeleka Manyatta, mtaa wa Kisumu, kwa dada yake. "Kaa na waya," akasema. "Yeye ana maswali kukushinda."

Waya ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Wangu alikuwa na duka la bati karibu na njia ya kwenda Kibuye, la sukari, chumvi, mafuta ya taa na sabuni ya mche. Watu walifika kununua, lakini wengi walifika pia kuuliza. Siku ya kwanza tu nikiwa pale, jirani mmoja alikuja akimlilia kuku wake. Waya alikuwa anakata sabuni kwa uzi, hata kichwa hakuinua.

"Kuku gani? Ile nyekundu?"

"Hiyo hiyo, Mama. Tangu asubuhi siioni."

"Kuna mtu amenunua hapa nyanya, kitunguu, bizari na mafuta ya kupika. Nyama hajanunua. Samaki hajanunua. Sasa hiyo mchuzi yote anapikia nini? Mawe?"

Hakutaja jina. Jirani alitoka mbio, na baada ya muda tukasikia kelele nyumba ya tatu. Nikamwambia waya huo haukuwa ushahidi, huenda mtu alitumiwa nyama kutoka nyumbani. Akanitazama kwa huruma.

"Nyathina, mwanangu, yule mtu ametumiwa nyama na nani? Hata barua hatumiwi."

Barazani pa duka aliketi fundi na cherehani yake. Alikuwa mtu wa Bunyore, mtulivu, mwenye chaki nyuma ya sikio na pini mdomoni, kwa hiyo alizungumza kwa nadra na kwa kona moja ya mdomo. Baraza ile ilikuwa shamba lake. Akina mama wa Manyatta walimletea vitambaa kwa sababu moja tu: alirudisha hata vipande. Mafundi wengine walibaki na vipande wakawashonea watoto wao kaptula za rangi tatu. Yeye alivifunga vipande kwa uzi na kumkabidhi mwenyewe.

Wiki ile alikuwa na kazi kubwa. Mama mmoja wa mtaa wetu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi. Alinunua mjini, katika duka la Mhindi, yadi nne za sateni ya kijani kibichi, akamletea fundi Jumatatu. Alimwambia mbele ya kila mtu, "Bwana fundi, nataka wakwe wakiniona wasahau bibi harusi." Fundi alimpima, akakifunga kitambaa katika karatasi ya gazeti na kukiweka tayari kukikata.

Jumanne mchana mvua ilikuja ghafla kutoka ziwani, ile inayopiga upande kama maji ya ndoo. Tukasaidiana kuingiza cherehani na vitu vyote vya fundi dukani. Ndani tayari kulikuwa na mgeni: mama mkwe wa binamu yangu, yaani mama wa yule msichana aliyeolewa na mtoto wa kiume wa waya. Alikuwa mwenyeji wa Katito, huko Nyakach, mrefu, mwembamba kama unyasi wa paa, asiyemaliza soda aliyopewa kwa sababu ya adabu. Alipita kutusalimu baada ya shughuli zake mjini, na alikuja na kikapu cha njugu na viazi vitamu. Mvua ilipokatika tu alisimama, basi lisimwache. Hata saa moja haikupita baada ya yeye kuondoka, fundi akauliza, "Mama, ile kitambaa umeiweka wapi?"

Hakikuwepo. Tulitazama chini ya kaunta, nyuma ya madebe, ndani ya gunia la mahindi. Jumatano asubuhi mwenyewe akaja kujaribu vazi, na fundi akatoa pini mdomoni na kumwambia ukweli.

Mama yule hakucheka siku hiyo. "Umekula kitambaa yangu?"

"Mama, mimi sijaichukua."

"Imetembea na miguu? Sikiza, Bwana fundi. Mpaka Ijumaa. Nikikosa gauni yangu, Jumapili nasimama kanisani baada ya matangazo, nasema wewe ni nani. Tuone nani atakuletea hata leso ya kushona pindo."

Hakuwa anatania, na fundi alijua. Yeye alikuwa mgeni Manyatta. Hakuwa na ukoo wa kumsemea wala shamba la kurudia. Alichokuwa nacho ni kwamba watu walimwamini na nguo zao. Aliketi akakanyaga cherehani isiyo na kitu, gurudumu likizunguka bure.

Mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilichukua daftari nikaandika majina ya wote walioingia dukani Jumanne. Walikuwa saba. Mbele ya kila jina niliandika sababu na nafasi. Fundi nilimweka wa kwanza, nasema wazi, kwa maana yeye ndiye aliyekigusa mwisho. Wa pili alikuwa mama wa makaa aliyeuza ng'ambo ya njia, kwa sababu hakunipenda. Niliwahoji. Mama wa makaa aliniambia, "Wewe msichana umesomea uaskari ama umesomea kuolewa?" na watu wakacheka mpaka njia ikajaa.

Waya hakumhoji mtu. Alhamisi asubuhi alifungua duka, akavua viatu, akapanda juu ya kreti ya soda na kuanza kushusha kila kitu kilichokuwa rafuni.

"Waya, hapo tulitafuta."

"Nyinyi mlitafuta kitu imepotea. Mimi natafuta kitu imebaki."

Sikuelewa. Alishusha chai, chumvi, viberiti, mishumaa. Nyuma ya madebe ya mafuta ya kupaka alitoa furushi la gazeti lililofungwa kwa uzi wa katani. Akaketi nalo mapajani bila kulifungua.

"Hii ilikuwa iende Katito," akasema. "Ni kitambaa ya maua nilimnunulia mama ya binti yetu. Kama hii iko hapa, ni nini ilienda?"

Hapo nikakumbuka kikapu. Kwetu mgeni akikuletea kikapu hakirudi kitupu. Tena hujazi mbele ya macho yake huku ukitaja unachotia, maana hapo unamhesabia. Na yeye hachungulii, maana hapo anakukagua. Jumanne ile, waya akimsindikiza mgeni kwa maneno, mimi ndiye niliyejaza kikapu. Nilitia sukari, majani ya chai, mkate na sabuni. Kisha nikamtazama waya, naye, bila kukatiza mazungumzo, akanyoosha midomo kuelekea nyuma yangu, kama tunavyoonyesha vitu sisi sote wa ziwani. Nyuma yangu kulikuwa na rafu, na chini ya rafu kaunta. Juu ya kaunta kulikuwa na furushi la gazeti. Nililichukua nikalitia chini ya mkate, nikafunika kwa kitambaa cha meza. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

"Lete hiyo daftari yako," waya akasema. Akasoma polepole, akisogeza kidole. "Umeandika watu saba. Kwa nini wewe hujajiandika?"

Fundi, ambaye alikuwa mlangoni, alicheka mpaka pini zikamwanguka. Nafikiri kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Jumanne.

Mimi nilitaka jambo liishe siku hiyo hiyo kwa njia fupi. "Niende Katito sasa hivi nimweleze kwamba nilikosea, anipe."

Waya alishika kifua. "Umwambie mkwe alete zawadi? Binti yake anapika kwa nyumba yetu! Kesho wakisikia huko kwao tunapeana na tunanyang'anya, huyo msichana atainua kichwa wapi?"

"Lakini ni ukweli, waya."

"Ndiyo ni ukweli. Hata ukienda choo ni ukweli, lakini unafunga mlango."

Akamtazama fundi tangu viatu hadi chaki. Kisha akamwambia, "Baba, chukua tepu yako. Twende Katito."

Tulifika karibu na saa ya chakula. Mama mkwe alitupokea kwa mikono miwili, bila kuuliza tumefuata nini, na akatuandalia ugali na samaki wa kukaangwa na mchuzi juu. Fundi alipewa kiti chenye mgongo kama mchumba. Tulikula. Tukaulizana hali ya mahindi Nyakach. Mimi nilikuwa nasikia kila dakika Ijumaa ikisogea, lakini waya alinyonya kichwa cha samaki bila haraka, akanawa, akasafisha koo.

"Mama, sisi watu wa town tumekosa adabu. Tulikupa kitambaa halafu tukakuacha nayo hivyo. Kitambaa bila fundi ni kama samaki bila ugali. Nimesema hapana, lazima nimlete fundi mwenyewe apime, aende nayo, arudishe gauni."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. "Ero kamano, asanteni. Mmejisumbua sana."

Akaingia chumbani. Alikaa huko kitambo, nasi tukasikia sanduku likifunguliwa na kufungwa. Akatoka na furushi lile lile la gazeti, limefungwa vizuri kuliko lilivyotoka kwetu, akalikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akasimama katikati ya nyumba, amenyoosha mikono pembeni, na fundi akaanza kumzungushia tepu. Alimpima bega, kifua, kiuno, urefu, akiandika kila namba kwa makini. Waya alikuwa amekaza uso kama mtu aliye mazishini. Mimi nilitazama paa.

"Rangi yenyewe inang'aa kidogo," waya akasema, kama mtu anayewaza tu. "Kama fundi ataona nyingine itakukaa vizuri zaidi, utakasirika?"

"Mkichagua nyinyi, mimi nitavaa."

"Yenye maua, labda."

"Maua napenda," mama mkwe akasema. "Kijani ni ya watu wanene."

Tulirudi Kisumu mchana ule ule, fundi amekumbatia furushi kama mtoto mchanga. Ijumaa alishona tangu alfajiri hadi miguu ikamfa ganzi, na kabla ya jioni mama wa bibi harusi alivaa sateni yake mbele ya kioo cha duka, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Sasa ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa safarini," waya akamjibu. "Fundi wako hakuiba hata uzi. Sasa mwambie."

Yule mama alikuwa na sauti kubwa kwa mema pia. Alitoka barazani akasema, "Bwana fundi, nisamehe!" kwa namna ambayo sokoni Kibuye walisikia. Jumapili, baada ya matangazo, alisimama kweli kanisani, akawageukia akina mama mmoja mmoja na kuwaambia ni nani aliyemshonea. Wiki iliyofuata baraza ilijaa vitambaa hadi cherehani haikuonekana. Gauni la maua lilipelekwa Katito na binamu yangu, pamoja na vipande vyake vimefungwa kwa uzi.

Mimi nilifurahi, lakini sikuridhika. Nilirudi chuoni nikawasimulia wenzangu kisa hiki kama mfano wa jinsi mila inavyowalazimisha watu wazima kudanganyana. Nilisema kwamba watu watatu wenye akili walikwenda Katito kumhadaa mwanamke mmoja mwema, kwa kumpimia kitambaa ambacho hakikuwa chake, naye akaamini. Nilisimulia hivyo miaka mingi, na kila mara watu walicheka mahali nilipotaka wacheke.

Kisha mke wa binamu yangu, tukiwa tunamenya njugu nyumbani kwake, wote tukiwa na mvi, aliniletea Biblia ya mama yake. Ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya mraba chenye tundu mbili za pini. Kilikuwa na mwandiko wa penseli wa fundi: jina la mama wa bibi harusi, neno Jumamosi, na chini yake kifua inchi hamsini, kiuno inchi arobaini na nane. Kilikuwa kimebanwa kwenye sateni tangu Jumatatu ile. Mama mkwe, alivyonisimulia binti yake, alikiona jioni aliyofika nyumbani na kikapu, akajua kila kitu, na siku tulipoketi kwake tukila samaki, aliingia chumbani kukibandua, ili tusije tukaaibika tukifungua furushi mbele yake.