Jinsi Ukweli Wangu Ulivyofika Kolwezi

Niliondoka Mbeya kwa ajili ya jirani yangu Kabeya. Wakasai, watu wa jimbo lake, walipofukuzwa Kolwezi kule nchini kwao, yeye alikimbia, mama yake mzee akabaki. Kurudi hawezi, mimi, Mtanzania, naweza.

"Uniletee mama," alisema. "Lakini tata," ndivyo huniita, yaani baba, "ile tabia yako ya kusema kweli uiache hapa."

Nilichukia. Hata mke wangu huwa haniulizi kama gauni limempendeza, anajua nitamjibu.

Siku ya nne niliingia Kolwezi, vumbi hadi masikioni. Migodi imelala, maduka ya Wakasai yamepigiliwa mbao. Mwenyeji wangu alikuwa Tata Ilunga, fundi wa mgodini, Mkatanga kama wale waliofukuza, lakini ndiye aliyemficha bibi, mama yake Kabeya. Hatujanawa mikono tule bukari, ugali wao, vijana wawili wa mtaa wakaingia.

"Tata, tunasikia unafichaka Mukasai. Tunamupeleka ku gari la moshi, arudi kwabo."

"Mukasai gani? Uyu njo mama yangu, alinizala," akajibu Ilunga, akawasogezea samaki.

Bibi akainuka. "Mi sikumuzalaka uyu! Kwetu ni Kasai, siwezi kukana kwetu!"

Macho yote kwangu. "Mugeni, nani anasema kweli?"

"Bibi amezeeka," nikasema. "Anasahau wanawe."

Walikula samaki wetu wote, wakaondoka.

"Hukuona haya?" nilimuuliza Ilunga.

"Haya ni kumutoa mugeni mu nyumba yangu. Ule uongo nitauungama kwa padri dimanche, siku ya misa."

Njiani bibi hakunisemesha mpaka Lubumbashi. Nilikuwa nimemkania kwao Kasai mbele ya watu.

Kasumbalesa, mpakani, ofisa alitaka kujua huyu mzee asiye na karatasi ni nani. Nilifungua mdomo, uongo ukagoma. Bibi akaniangalia, akanihurumia.

"Mutoto yangu wa mwisho uyu," akamwambia ofisa. "Eko na kichwa nguvu, kusema anakataa."

Ofisa alimpa bibi pole kwa kuzaa mkaidi, akatupitisha.

"Kolwezi ulikataa," nikanong'ona.

"Kule balitaka nikane kwetu. Hapa mutoto wa batu anatetemeka. Ni kitu kimoja?"

Nimejifunza kwamba kila mtu ana mahali pake pa kuona haya, na pangu nilidhani ndipo pa wote.

Mbeya, Kabeya alimkumbatia mama yake akilia, kisha akanigeukia kwa wasiwasi. "Tata, ulilazimika kudanganya?"

Kabla sijajibu, bibi akasema, "Uyu? Hata mara moya."

Nikachukua mzigo wake, nikauingiza ndani bila kumsahihisha.