Uzi wa Mwihaki Ulioenda Nairobi na Kurudi

Mwihaki Ndungu ameuza uzi Eldoret kwa miaka ishirini na mbili. Duka lake liko kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, kati ya bucha na fundi wa saa, nalo ni jembamba kiasi kwamba mtu mnene akitaka kuingia, aliye ndani hutoka kwanza. Anauza uzi wa kufumia sweta, vifungo, zipu na mipira ya kiunoni. Watu humwita Mama Ciru. Mtajie shule yoyote kuanzia Langas hadi Moi's Bridge, atakuambia rangi ya sweta yake, upana wa mstari wa shingoni, na mwaka ambao mwalimu mkuu mpya aliubadilisha mstari huo ili wazazi wajue kwamba amefika.

Mwaka juzi, asubuhi moja ya Mei, aliingia kijana nadhifu aliyevaa kitambulisho shingoni na kubeba tableti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Alijitambulisha kuwa Wachira, afisa wa Kapuni, ile kampuni ya kuuza na kununua vitu kwa simu.

"Mama, nimesimama hapo nje nikaona wateja ni wachache," alisema.

"Ni saa mbili na nusu," Mwihaki akamjibu. "Hata mimi sijamaliza kufungua."

"Sisi tutakuletea watu. Mtu ananunua kitu kwa simu, muuzaji ako Nairobi ama Mombasa, mzigo inaletwa kwa duka iko karibu na yeye. Hiyo duka itakuwa yako. Wewe ni kumpatia tu. Na akishaingia kuchukua viatu, ataona uzi, atanunua uzi."

Mwihaki aliuliza kwa nini mtu aliyekuja kuchukua viatu atake uzi. Wachira alisema hivyo ndivyo utafiti unavyoonyesha.

Alikubali, kwa sababu biashara ilikuwa imelala na kijana mwenyewe alikuwa na adabu. Kibandiko kikubwa cha rangi ya chungwa kilibandikwa mlangoni, juu kabisa ya maandishi ya UZI. Akatumiwa video ya dakika arobaini kuhusu namna ya kumpa mtu mfuko, na mwishoni akajibu maswali kumi. Alipata tisa. Lile alilokosa liliuliza mteja akikasirika wakala afanye nini, naye alikuwa amechagua "amwambie akae chini apumzike". Jibu sahihi lilikuwa kutabasamu. Pia alifundishwa salamu: "Karibu Kapuni, furaha yako ni mzigo wetu." Mteja wa kwanza kusalimiwa hivyo, mkulima wa mahindi aliyefuata pampu ya dawa, alisimama akafikiri, kisha akauliza kama hiyo mzigo ni ya kulipiwa. Tangu siku hiyo Mwihaki alisema tu, "Namba?"

Watu walikuja kweli. Kwa hilo Wachira hakudanganya. Walikuja wengi hata fundi wa saa akalalamika kwamba wanamzibia mwanga. Lakini hakuna aliyenunua uzi. Walifungulia mizigo yao papo hapo, wakajaribu viatu wakiwa wameegemea kaunta, wakaacha karatasi na makopo sakafuni. Dada mmoja alijaribu magauni matatu nyuma ya pazia la stoo na kila mara akatoka kuuliza, "Hii je, Mama Ciru? Niambie ukweli." Mzee Kipyego, mwalimu mstaafu, alichukua mshipi wa betri wa kupunguza tumbo kisha akaomba uhifadhiwe dukani, kwa sababu nyumbani mke wake hufungua kila kitu. Ikawa kila siku saa nne anafika, anaufunga, anakaa kwenye kigoda nusu saa akisoma gazeti huku mshipi ukinguruma tumboni. Mwihaki hakuweza kumkataza. Mzee huyo alikuwa amefundisha hesabu nusu ya mji.

Kijana mmoja alipata viatu vidogo, akaliwekea duka la Mwihaki nyota moja. Ujumbe ukaja kwenye simu kutoka kwa Janice wa huduma kwa wateja, ukisema kampuni imesikitishwa na huduma yake. Mwihaki akajibu kwamba yeye hatengenezi viatu. Janice akamshukuru kwa kuchagua Kapuni. Akaeleza tena, pole pole. Janice akamshukuru tena. Ni katika ujumbe wa nne ndipo alipogundua kwamba Janice si mtu ila ni mashine, na jambo hilo lilimuuma kidogo, kwa maana alikuwa ameshamuuliza habari za nyumbani kwao.

Kisha ikaja kanuni kwamba mizigo iwekwe kwenye rafu zilizo usawa wa macho. Uzi ukahamishiwa juu karibu na dari. Kuanzia hapo, mtu akitaka uzi ilibidi Mwihaki apande ngazi, na kwa magoti yake ya miaka hamsini na sita alikuwa akipanda huku akisali.

Mambo yalifika pabaya mwezi wa Novemba, Linah alipoingia.

Linah anafuma sweta za shule huko Langas. Ana mashine mbili sebuleni, na alikuwa akinunua uzi kwa Mwihaki tangu mashine ilipokuwa moja. Siku hiyo alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasoma namba kwenye simu bila kuinua macho. Mwihaki akatafuta mzigo. Ulikuwa mfuko mkubwa na mzito, na alipoubeba mikono yake ilijua kilichomo kabla ya kuambiwa.

"Hii ni uzi," alisema.

"Mama Ciru, usiniangalie hivyo. Walikuwa wameweka ofa."

"Sijasema kitu."

"Nimepewa sweta za watoto arobaini na wawili. Ile academy ya Mwalimu Purity. Nikasema wacha nijaribu tu mara moja."

Akaufungua mfuko pale pale kama watu wengine wote. Zilikuwa koni kumi na mbili za uzi wa rangi ya maruni. Mwihaki aliziangalia. Angeweza kunyamaza, na baadaye alikiri kwamba alitamani sana. Lakini alichukua koni moja, akatoka nayo hadi kwenye jua, akarudi.

"Linah, hii si maruni ya Purity. Yake ni nzito zaidi. Ukifuma na hii, wale watoto wakipanga laini na wale wa zamani itaonekana ni shule mbili."

Linah alikaa kwenye kigoda cha Mzee Kipyego. "Sasa nitafanya nini?"

Walirudisha uzi ule kwa Kapuni. Walijaza fomu kwenye simu, wakachagua sababu, na baada ya siku mbili Linah akarudishiwa thamani yake. Ila haikurudi kama pesa. Ilirudi kama vocha ya kutumika ndani ya Kapuni peke yake. Kwa hivyo Linah alisimama mbele ya rafu yenye uzi sahihi kabisa, mbele ya mwenye uzi, na hakuwa na kitu cha kuununulia.

Ndipo Wachira akapata wazo, na mpaka leo anasema lilikuwa wazo zuri. Mwihaki ajiandikishe kama muuzaji. Aweke uzi wake mtandaoni, Linah aununue kwa vocha, kisha achague kuchukulia dukani. Dukani kwa nani? Kwa Mwihaki.

"Si hiyo ni kuzunguka?" Mwihaki aliuliza.

"Ni kuzunguka kwa simu tu, Mama. Hautatoka hapo ulipo."

Picha za bidhaa zilitakiwa ziwe na nyuma nyeupe, kwa hiyo alileta shuka lake la kitandani akalitundika mbele ya zipu. Fomu haikuwa na rangi ya maruni. Ilikuwa na nyekundu, kahawia na divai. Mwihaki ni mama wa kanisa na hajawahi kuonja divai, lakini aliandika divai. Linah, akiwa amesimama hatua moja kutoka kaunta, akabonyeza simu yake. Simu ya Mwihaki ikalia. Walitazamana wakacheka, na Mwihaki akateremsha koni kumi na mbili ili ampe.

"Bado," Wachira akasema. "Lazima ipitie ghala Nairobi ikaguliwe. Ni sistimu."

"Ikaguliwe nini? Mwenye kununua si huyu anaiona?"

"Mimi naelewa, Mama. Sistimu ndiyo haijaelewa."

Uzi ukafungwa, ukabandikwa karatasi, ukachukuliwa na gari la Kapuni jioni ile. Waliambiwa siku tatu. Siku ya pili simu ilisema uko Nakuru. Siku ya nne uko Nairobi. Siku ya tano bado uko Nairobi. Siku ya saba simu ilisema uko Nakuru tena, wakafurahi, kisha siku ya nane ukarudi Nairobi, na hakuna aliyejua ulikuwa umesahau nini.

Linah alikuwa akipita kila asubuhi. Hakuuliza tena kwa maneno. Alisimama mlangoni, Mwihaki akatikisa kichwa, naye Linah akaondoka. Siku ya kumi na moja alikuja akakaa. Alisema Mwalimu Purity amepiga simu mara tatu, na kwamba akichelewesha kazi hiyo, mwaka ujao itapewa mtu wa mjini mwenye mashine ya umeme.

Kwenye rafu ya juu kulikuwa na koni nyingine kumi na nne za uzi ule ule. Mwihaki alikuwa amezitazama siku zote hizo na hakuzigusa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa utaratibu ni utaratibu, naye ni mtu wa kufuata utaratibu. Sasa alipanda ngazi, akazishusha mbili mbili, kumi na mbili, akazitia kwenye gunia.

"Enda ufume," alisema. "Ile ya Nairobi ikikuja nitaiweka pale juu. Uzi ni uzi."

Linah alifuma na mkaza mwanawe kwa siku kumi na saba, na sweta arobaini na mbili zikafika kabla shule haijafunguliwa. Shule ilipofunguliwa, uzi wa Nairobi nao ulifika, umekaguliwa, ukiwa na mihuri miwili. Linah akaja, akasoma namba yake, akaonyesha kitambulisho, akapewa mfuko, akaurudisha kaunta. Mwihaki akaupandisha juu. Wote wawili waliona yamekwisha.

Wiki iliyofuata Wachira aliingia bila tabasamu. Sistimu ilikuwa imeona kwamba muuzaji, wakala na mnunuzi walikuwa mahali pamoja, na kwamba mzigo uliochukuliwa haukutoka dukani. Iliita hayo udanganyifu.

"Uzi uko wapi, Mama?"

"Huo hapo juu."

"Basi mteja hakuupata."

"Aliupata. Watoto wameuvaa."

Wachira alisema anahitaji ushahidi wa picha. Mwihaki alifunga duka katikati ya siku, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya mumewe, akampakia kijana huyo kwenye bodaboda hadi Langas. Mwalimu Purity, mwanamke mfupi asiyepoteza muda, aliwaita watoto wapya uwanjani akawapanga mistari mitatu. Wachira akawapiga picha kwa mbele. Kisha akaomba wageuke awapige kwa nyuma. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna sehemu ya sweta yenye namba ya mzigo.

"Kuna yenye makamasi," Mwalimu Purity alisema. "Hiyo itakusaidia?"

Wachira alizituma picha zote. Jibu lilikuja siku ya pili: akaunti ya muuzaji Mwihaki Ndungu imefungwa kabisa. Na saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo ukaja ujumbe wa pili, wa pongezi. Kwa kutoa mizigo mingi bila kupoteza hata mmoja, duka lake lilikuwa limechaguliwa kuwa kituo bora cha kuchukulia mizigo katika eneo lote. Zawadi ingeletwa.

Ililetwa na Wachira mwenyewe. Ilikuwa sweta ya rangi ya chungwa yenye jina la Kapuni kifuani. Mwihaki aliigeuza nje ndani, akaivuta mabegani, akahesabu mishono iliyorukwa.

"Nani amefuma hii?"

"Sijui, Mama. Zilitoka nje."

"Inaonekana."

Alimwomba Wachira akae, akamwambia kwa upole kwamba anaacha. Wachira hakubishana. Alisema hata yeye amekuwa akitafuta kazi nyingine, na akauliza kama sweta ile aivae ama airudishe. Mwihaki akamwambia aivae, asubuhi ni baridi.

Mizigo ilihamia bucha ya jirani, na kwa muda watu wakawa wanachukua magauni yenye harufu ya matumbo. Uzi ulirudi usawa wa macho. Mzee Kipyego alijaribu kukaa buchani na mshipi wake siku moja tu, akarudi kuomba kigoda chake, na Mwihaki akampa kwa sharti kwamba awe anamsomea vichwa vya habari kwa sauti. Wiki chache baadaye Linah alikuja na kazi mpya, shule ya Moi's Bridge inayotaka sweta za kijani na mstari wa manjano. Mwihaki alimwambia mstari wenyewe ni vidole viwili, sio kimoja, kwa sababu mwalimu mkuu aliyekuja Januari ameubadilisha.