Jumapili Tuliyofunga Kanisa Kimali

Mchungaji wetu hapa Bariadi alinituma Kimali, wilayani Meatu, kwa sababu mwinjilisti wa huko aliandika barua akiomba ahamishwe. Nikabeba daftari la semina yangu ya kanisa na jamii, semina ninayoipenda kupita kiasi, nikaamini siku mbili zitatosha kumtuliza.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi hadi Mwandoya, na kutoka hapo bodaboda. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, na kila kundi la ng'ombe lilitusimamisha. Nilifika mchana, mgongo unauma, vumbi hadi kwenye nyusi.

Mwinjilisti Yohana alinipokea peke yake. Mama yake mzazi alikuwa kitandani, hawezi tena kukaa bila kushikwa.

"Mama Neema, kijiji kimetutenga," aliniambia. "Mwezi uliopita kijana alifariki, akazikwa Jumapili. Hapa kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba kaburi na mwanamke wa kuleta maji na kuni. Sisi tulimaliza ibada kwanza. Tulipofika, walikuwa wanasawazisha udongo."

"Mliomba radhi?"

"Tuliomba. Hata salamu hawaitikii." Akatazama mlango wa chumba cha mama yake. "Akiondoka huyu, nitamzika na nani? Bora nimpeleke mahali penye watu."

Nilimwonea huruma sana, lakini kwa kiburi changu cha mjini nikamwahidi kwamba semina itasaidia.

Jumapili, saa moja asubuhi, kilio kilisikika kwa jirani, Mzee Masunga. Mkewe alikuwa amefariki. Saa tatu waumini walikuwa kanisani wakinisubiri. Nikamnong'oneza Yohana kwamba tufupishe ibada, kisha twende. Ndiyo, nilisema hivyo, na naona aibu kuandika.

Yohana alisimama mbele, Biblia hakuifungua. "Wanaume, majembe. Akina mama, ndoo na kuni. Leo ibada iko kwa Masunga." Akafunga mlango wa kanisa nyuma yetu.

Msibani tulisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," hakuna aliyeitika. Wanawake wetu walitua kuni, wakaenda kuteka maji bila kuambiwa. Yohana alisimama kando ya kaburi, jembe begani, karibu saa nzima, wachimbaji wakipokezana kana kwamba hawamwoni. Nilitamani kumvuta mkono tuondoke. Hatimaye mmoja alipanda kutoka shimoni akihema, akamtazama Masunga. Mzee akaitikia kwa kichwa. Yohana akashuka, akachimba mpaka shati likamganda mgongoni.

Jumatatu nikiwa nafunga mkoba, wanawake wawili wa jirani waliingia uani na kibuyu cha maziwa. Siku iliyotangulia waliteka maji pamoja na wanawake wetu.

"Mayu kaamkaje?" mmoja aliuliza habari za mama mgonjwa.

Machozi yalimtoka Yohana. Nikajibu mimi, wakaingia kumwona.

Jioni, Bariadi, mchungaji aliniuliza semina ilihudhuriwa na watu wangapi. Nikamwambia haikufanyika, na kwamba mwinjilisti anaomba barua yake ichanwe. Miaka yote nimefundisha namna ya kuwaalika majirani waje kwetu. Kimali nimejifunza kwenda kwao, kwa saa yao, na kusubiri nipewe nafasi.

Mama yake Yohana bado anaumwa. Siku akiondoka, watu wa kumzika wapo.