Timu Iliyocheza Nusu Uwanja

Kwa miezi minne timu yetu ilicheza kwenye nusu ya uwanja, na aliyeipanga hivyo ni mjomba wangu mwenyewe.

Si nusu ya mbele wala ya nyuma. Nusu ya kushoto.

Mimi ndiye ninayerekodi mechi na mazoezi ya klabu. Napanda jukwaani na kamera, nikishuka nakata vipande, nawapelekea makocha. Mjomba, ndugu wa mama wa tumbo moja, ndiye kocha wa ushambuliaji. Mdogo wangu, wanayemwita Kiberiti, ni winga wa kulia. Familia nzima ndani ya geti moja. Unaweza kudhani tunakula raha.

Thubutu.

Mechi tisa, mabao matatu, mawili ya penalti. Mashabiki walishaanza kuja na magazeti ya kusoma jukwaani.

Kocha mkuu, mtu wa maneno machache, akatangaza kwamba msimu ukiisha anamwacha winga mmoja. Ripoti ya nani abaki na nani aende ilikuwa mikononi mwa Mjomba.

Niliiona mezani kwake nilipopeleka vipande. Mbele ya jina la mdogo wangu aliandika neno moja tu: Anajificha.

Kiberiti, ajifiche? Huyo tangu utotoni hajui kujificha hata kwenye mchezo wa kujificha. Alikuwa anacheka, anakamatwa wa kwanza.

Machale yakanicheza.

Nikarudi kwenye picha zangu na daftari. Nikahesabu mashambulizi yote ya mechi tisa. Yalikuwa mia moja themanini na sita. Mia moja hamsini na tisa yalipita kushoto.

Na kulia? Kulia yupo Kiberiti, peke yake, mkono juu, kama mtu anayesimamisha gari lisilosimama.

Nikaanza kumchunguza Mjomba.

Ubao wake wa mbinu: upande wa kushoto mishale imejaa hadi inakanyagana, upande wa kulia peupe. Mazoezini, Kiberiti akimpungia mkono kutokea kulia, Mjomba anapita tu, kama hajasalimiwa. Na kila Jumanne mchana Mjomba anapotea saa mbili nzima, simu imezimwa. Akirudi anasema alikuwa kwenye foleni. Ukimuuliza foleni ya nini? Anaulizia hali ya nyasi.

Halafu kuna hili. Winga wa kushoto anamchumbia binti yake.

Basi hesabu yangu ikakamilika. Mtu anamjenga mkwe wake, anambomoa mpwa wake.

Nilimweleza mama. Akaniambia nimekosa kazi ya kufanya. Mjomba ndiye aliyetulea baba alipofariki, na hata hiyo kamera ninayoringia ni yeye aliyenitafutia. Nikamfuata Kiberiti, nikidhani yeye atanielewa. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa.

"Dada, achana nayo. Labda kweli najificha."

Hapo ndipo uvumilivu ulipokatika. Mtu ameanza kuishuku miguu yake mwenyewe.

Ijumaa, kikao cha makocha. Chumba kidogo, viti vya plastiki, skrini ukutani. Kocha mkuu, kocha wa makipa, Mjomba na mimi. Nikacheza kipande changu, nikakisimamisha dakika ya sitini na moja. Kiberiti kaachwa kulia, beki wa karibu yuko hatua kumi.

"Mjomba, hapa kwa nini hukuwaambia wampe Kiberiti?"

"Kiberiti yuko wapi hapo?"

Nikacheka kwa hasira. "Mjomba, usinifanye mtoto."

"Nimekuuliza yuko wapi."

Kocha wa makipa alitaka kucheka, akaghairi. Kocha mkuu akainuka taratibu, akaenda kusimama upande wa kulia wa Mjomba, akainua kiganja karibu kabisa na uso wake.

Mjomba aliendelea kutazama skrini. Hakupepesa.

Kocha mkuu akashusha mkono.

Ndipo Mjomba akasema. Jicho la kulia lilikufa msimu uliopita. Sasa ugonjwa ulikuwa unalila la kushoto, kuanzia pembeni, upande wa kulia. Jumanne ni kliniki. Alificha kwa sababu hakuna klabu inayoajiri kocha asiyeona. Mkwe hakujua lolote. Binti hakujua. Hata mke wake hakujua.

Nilitoka nje nikalia, sitaficha. Mkwe wa watu nilimshuku bure.

Lakini sikilizeni. Sababu ndiyo niliyoikosea. Kosa sikulikosea.

Wiki hiyo hiyo Mjomba alitolewa benchi. Mechi iliyofuata tulifungwa matatu kwa mawili, ila mabao yetu yote yalizaliwa kulia, moja la Kiberiti mwenyewe. Kocha mkuu akaichana ile ripoti, akaandika yake. Mdogo wangu amebaki.

Jumapili mama akaita kikao sebuleni. Kesi ilikuwa mimi: nimemwanika mgonjwa mbele za watu. Mke wa Mjomba hakunitazama. Mama akasema nipige magoti. Mjomba alikaa kwenye kochi, mikono magotini.

Nilibaki nimesimama.

"Macho yako yananiuma, Mjomba. Ungeniambia huoni, ningekuangalizia mimi, kamera si ninayo? Lakini ulijua kabisa huoni, na bado ukaandika kwamba mdogo wangu anajificha."

Kiberiti akatoka nje.

Wewe unayesoma, kocha, bosi, mzazi, yeyote: kitu usichokiona, sema hukioni. Usiseme hakipo. Kuna mtu amesimama pale, mkono juu, na maisha yake yako kwenye kalamu yako.

Mama ananipigia simu kila siku. Anasema neno moja tu la msamaha litarudisha amani nyumbani.

Dawa za Mjomba nitampelekea. Kliniki nitamsindikiza.

Radhi siombi.