Siku niliyobaki kimya mbele ya majaji wa moot court, Iringa

Wakuu, za jioni.

Hii si chai. Kama kuna mtu humu alikuwa ukumbini siku ile, anisahihishe.

Nilisoma sheria Mbeya. Ni mtu wa kuhoji kila kitu, mpaka mwenzangu kwenye team, Atupele, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, akanibatiza Tomaso.

Kwa wasiojua, moot court ni kesi ya kuigiza. Mnapewa mkasa, mnabishana mbele ya majaji. Washindi wa mashindano ya Iringa walikuwa wanakwenda fainali Dar. Atu alikuwa mwaka wa mwisho, asingepata nafasi nyingine.

Mkasa wetu ulitungwa kuwa wa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Jamaa anataka shamba la migomba aliloachiwa mjane mmoja wa Tukuyu. Barazani mjane anaulizwa, "Shamba ni lako?" Anajifunika kanga usoni, kimya. Baraza likasema basi amekubali si lake.

Sisi tulikuwa mawakili wake kwenye rufaa.

Mzee aliyetumwa na baraza kumuuliza alikuwa baba mkwe wake.

"Kwetu mke haongei na baba mkwe, wala hamtazami," Atu alinieleza kwenye basi la kwenda Iringa.

"Hata shamba likienda?"

"Hata likienda, Tomaso."

Sikukubali. Tukapita Igawa na jua lake, kufika Makambako ukungu umemeza kila kitu. Nikasinzia. Nikamwona huyo mama kwenye jamvi, ametazama ukuta.

Siku yenyewe niliongea vizuri tu, mpaka jaji wa katikati, mama wa makamo, akainama mbele.

"Wakili, neno moja tu lingemwokoa. Kwa nini hakulisema?"

Nilikuwa na jibu la vitabuni. Likayeyuka.

Dirishani mijakaranda ilikuwa imechanua, maua yanadondoka kama hayana haraka ya kufika chini. Sauti za ukumbi zikaenda mbali. Nikamwona tena yule mjane, safari hii kwa mbele. Mdomo umefungwa, umejaa maneno.

"Wakili, kimya chako tukichukulie kwamba umekubali?"

Watu wakacheka. Atu hakucheka.

"Hapana, Mheshimiwa. Ninalo jibu. Natafuta namna ya kukuambia wewe."

Nikasikia nilichosema.

"Na mteja wangu alikuwa hivyohivyo. Baraza lingemtuma mtu mwingine amuulize, angejibu. Hakukosa jibu, Mheshimiwa. Alikosa mtu ambaye mila ingemruhusu amjibu. Huko si kusikilizwa."

Kicheko kikakatika. Jaji akaandika kitu.

"Endelea," akasema taratibu.

Tulishinda, wakuu. Nje kwenye baridi Atu alinishika bega.

"Sasa umeamini?"

"Mila yenyewe bado. Ila huyo mama ningemtetea tena."

"Tomaso bwana!" Akacheka hadi akafuta machozi.

Nilichojifunza: kabla ya kusema mtu hana la kusema, angalia nani alitumwa kumuuliza.

Waliopitia moot, na akina dada mlioolewa Unyakyusa, njooni mseme. Ingekuwa ni shamba lako, na anayeuliza ni baba mkwe, ungefungua mdomo?